Ua Usio na Ua: Vichaka Vifupi vya Vitunda na Namna ya Kuvitunza

Kichaka cha vitunda ni mmea wa mapambo wenye mashina mengi yanayochipuka karibu na ardhi, usiopita sana kimo cha kiuno au kifua cha mtu mzima, na unaopamba bustani mara mbili. Kwanza hutoa maua. Maua yakishapukutika, mahali pake huja vitunda vidogo vya rangi kali, vyekundu, vya manjano, vya zambarau au vyeusi, ambavyo hukaa mtini kwa wiki kadhaa na pengine miezi. Vichaka vitatu au vinne vya namna hii, vikichaguliwa vizuri, vinaweza kuipa bustani rangi kwa sehemu kubwa ya mwaka hata kama nafasi iliyopo ni ukanda wa mita mbili tu kati ya baraza na ukuta.

Katika miji ya Afrika Mashariki mimea hii si migeni. Duranta yenye majani ya rangi ya dhahabu imezunguka nyumba, hoteli na ofisi, pwani na bara. Hata hivyo, wengi wanaopita kando yake kila siku hawajapata kuona kitunda chake, na wapo wasiojua kwamba inachanua. Kiswahili kina neno moja kwa uzio wa mimea na kwa kile kinachochanua, na hapa maana hizo mbili zinagongana: ua wa duranta unaokatwa kila baada ya wiki mbili ni ua usio na ua hata moja. Pasipo ua hakuna kitunda. Makosa mengi ya utunzaji wa vichaka hivi yanarudi kwenye jambo hilo: mmea unanyimwa muda wa kutoka kwenye chipukizi hadi kwenye ua, na kutoka kwenye ua hadi kwenye tunda.

Kutoka ua hadi kitunda

Kitunda ni sehemu ya ua iliyovimba baada ya chavua kufika mahali pake na mbegu kutungwa. Kwa hiyo kichaka kinaweza kuchanua vizuri sana kisizae chochote, ikiwa uchavushaji haukufanyika. Sababu za hali hiyo ni tatu.

Ya kwanza ni kukosekana kwa wadudu. Maua ya buluu na zambarau ya duranta hutembelewa mchana na nyuki na vipepeo. Maua meupe yenye harufu nzuri inayozidi jioni, kama yale ya plamu ya Natal inayoelezwa hapa chini, hutegemea zaidi nondo na wadudu wengine wa usiku. Bustani inayopuliziwa dawa za kuua wadudu mara kwa mara hubaki na maua mengi na vitunda vichache.

Ya pili ni jinsia ya mimea. Ipo mimea ambayo kichaka kimoja ni cha kiume na kingine ni cha kike. Skimia, kichaka kifupi chenye asili ya Japani kinachopendwa sana Uingereza, ni mfano mzuri: kichaka cha kike hakitoi vitunda vyekundu mpaka pawepo cha kiume karibu yake. Vichaka vingi vya bustani za kitropiki havina tatizo hilo, kwa kuwa ua lao moja lina sehemu zote mbili.

Ya tatu haionekani kwa macho. Mimea mingine ina maua yenye sehemu zote mbili, lakini hukataa chavua yake yenyewe. Hapo ndipo asili ya miche inapokuwa muhimu. Vichaka vitano vilivyotokana na vipandikizi vya mama mmoja, kwa mtazamo wa chavua, ni mmea mmoja uliosimama mahali patano. Anayepanda plamu ya Natal kwa ajili ya vitunda hufanya vyema kuchanganya miche ya vyanzo viwili au vitatu, au kutumia iliyooteshwa kwa mbegu.

Pwani na nyanda za chini

Kwa bustani inayopigwa na upepo wa bahari, plamu ya Natal ni miongoni mwa vichaka vinavyofaa zaidi. Wataalamu huiita Carissa macrocarpa. Asili yake ni ukanda wa pwani unaoanzia Afrika Kusini hadi Msumbiji, na Wazulu huyaita matunda yake amathungulu. Majani yake ni mazito na yanang'aa, na hustahimili chumvi inayoletwa na upepo. Maua yake ni meupe yenye ncha tano kama nyota, na harufu yake inakaribia ile ya asumini. Matunda ni mekundu, ya duara au yai, na huweza kufikia sentimita tano. Mara nyingi maua na matunda hukutwa pamoja kwenye tawi moja, jambo linalokipa kichaka hiki thamani kubwa ya mapambo.

Aina ya porini huweza kupita mita mbili na ina miiba migumu yenye ncha mbili kama herufi Y. Kwa bustani ndogo zimechaguliwa aina fupi. Boxwood Beauty hukua wima kwa utaratibu, haina miiba, na hukaa karibu na sentimita sitini. Green Carpet hutambaa na kufunika ardhi. Shina na majani hutoa utomvu mweupe yakikatwa, na hata tunda lililoiva huonyesha matone ya utomvu huo. Tunda lililoiva vizuri huliwa bichi au hupikwa jamu. Sehemu nyingine za mmea hazifai kuliwa.

Ndugu yake wa karibu ni mtandamboo, unaoota wenyewe katika vichaka vya Kenya na Tanzania, hasa sehemu kavu. Maua yake ni madogo, meupe yenye wekundu kwa nje, na vitunda vyake huanza na rangi nyekundu kisha hugeuka zambarau iliyokoza hadi kuwa vyeusi na vitamu. Watoto wa vijijini wanavijua vitunda hivyo, na wazee wanaijua mizizi yake kama dawa. Ukiachwa, mtandamboo hurefuka na kutawanyika, lakini ukipogolewa tangu ungali mdogo hukubali kuwa kichaka cha bustani na huvumilia ukame kuliko mimea mingi ya kununua.

Mmea mwingine wenye asili ya pwani ni okna. Ziko okna za aina kadhaa katika misitu na vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki. Mojawapo, Ochna kirkii, ilipewa jina kwa heshima ya John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19. Okna hufanya kitu ambacho vichaka vichache hukifanya. Petali zake za manjano hudumu siku chache na kuanguka. Sepali, ambazo kwa mimea mingi ni majani madogo ya kijani yanayonyauka bila kuonwa, hubaki, huwa nene na kugeuka nyekundu. Kitako cha ua nacho huvimba na kuwa chekundu, na juu yake hukaa vitunda vya kijani ambavyo huiva na kuwa vyeusi tititi. Weusi huo juu ya wekundu umewakumbusha watu masikio na uso wa Mickey Mouse, na katika bustani za nchi nyingi okna imepewa jina la katuni huyo. Asiyejua hudhani zile sehemu nyekundu ni ua jipya, kumbe ni ua lilelile baada ya kuzaa.

Duranta inayojulikana mijini ilitoka mbali zaidi. Asili yake ni Amerika, kuanzia visiwa vya Karibi na Meksiko hadi Amerika Kusini. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiandika kwa jina la Duranta erecta mwaka 1753, jina linalomkumbuka Castore Durante, daktari wa Italia wa karne ya 16 aliyeandika juu ya mimea. Ikiachiwa hufikia mita tatu au zaidi, na matawi yake huinama kwa mashada ya maua ya buluu, zambarau au meupe. Kisha hutokea vitunda vya rangi ya dhahabu vilivyoning'inia kama shanga za mkufu, kila kimoja kikiwa kimefunikwa na sepali iliyochongoka mwishoni. Aina za majani ya dhahabu ni fupi zaidi na huchanua kwa uchache. Mwenye kutaka vitunda achague ya majani ya kijani na kuidhibiti kwa kupogoa, badala ya kungojea mashada makubwa kwenye ile ya dhahabu.

Nyanda za juu

Katika sehemu zenye baridi kama Limuru, Lushoto, Njombe au Kabale, orodha hubadilika. Hapo hustawi pirakanta, kichaka cha jamii ya waridi chenye maua meupe madogo yaliyofungamana na vitunda vya rangi ya chungwa au nyekundu. Jina lake limetoka katika Kigiriki na maana yake ni mwiba wa moto. Jina hilo linasema kweli kwa pande zote mbili, kwa kuwa miiba yake ni mikali na kichaka kilichozaa huonekana kama kinawaka. Pirakanta hufaa kuegemezwa ukutani, mahali ambapo matawi yake hufungwa kwenye waya na kukatwa yawe bapa, ili isile nafasi ya bustani.

Mmea wa pili wa nyanda za juu ni haiperikumu. Wasomaji wengi wameuona ndani ya shada la maua ya harusi bila kujua jina lake: ni vile vijiti vyenye vitunda vigumu vyekundu, vya waridi au vya kijani vinavyochomekwa kati ya mawaridi. Kenya huulima kibiashara na kuusafirisha Ulaya pamoja na maua mengine ya kukata. Maua yake ni ya manjano, yenye stameni nyingi ndefu kama nywele. Petali zikianguka, kibonge cha mbegu hujaa, hung'aa na kupata rangi.

Haiperikumu hufundisha somo kuhusu Ikweta. Mmea huu huchanua siku zinapokuwa ndefu, kama zinavyokuwa majira ya kiangazi huko Ulaya. Karibu na Ikweta mchana hukaa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo mmea haupati ishara ya kutosha. Wakulima wa biashara hutatua jambo hilo kwa kuwasha taa shambani usiku ili kuurefusha mchana. Mwenye bustani ya nyumbani asiye na taa hizo asishangae kuona mmea wenye afya unatoa majani mengi na maua machache. Kichaka kilichopandwa karibu na taa ya barazani inayowaka jioni huweza kupata nafuu fulani. Milima ya Afrika Mashariki ina haiperikumu zake za asili zenye maua makubwa ya manjano, lakini matunda yake hukauka na hayana mvuto wa vitunda.

Penye kivuli

Vichaka vingi vilivyotajwa vinahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopata jua la mchana, kichaka kinachofaa kinajulikana kwa kila mtu, ila wachache hukifikiria kuwa pambo. Nacho ni mbuni. Kahawa ya arabika ilianzia katika misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, chini ya miti mirefu, na bado huvumilia kivuli. Majani yake ni ya kijani kilichokoza na yanang'aa. Baada ya kipindi cha ukame kufuatwa na mvua nzuri, matawi hufunikwa na maua meupe yenye harufu ya asumini kwa muda wa siku mbili au tatu. Vitunda huchukua miezi saba hadi tisa kuiva, vikipita kijani na manjano hadi nyekundu. Arabika hujichavusha yenyewe, hivyo mbuni mmoja peke yake unatosha.

Kwa bustani, aina fupi ndiyo inayotakiwa. Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima nchini Kenya mwaka 1985, ilitengenezwa ili istahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, na pia iwe na umbo fupi lenye matawi yaliyokaribiana. Sifa hiyo ya mwisho, iliyokusudiwa kuwawezesha wakulima kupanda miche mingi kwa eka, ndiyo inayoufanya ukae vizuri kwenye bustani ndogo au chungu kikubwa. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, ambao mibuni yao iko kihambani, yaani katika shamba linalozunguka nyumba, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni, wazo la kahawa kuwa mmea wa uani si geni.

Kichaka kingine kinachovumilia kivuli kidogo ni muraya, wenye maua meupe ya harufu kali na vitunda vyekundu vyenye umbo la yai. Muraya ni jamaa ya michungwa, na ujamaa huo una hatari. Ni makazi ya kidudu kidogo kirukacho kiitwacho silidi wa Asia, ambacho hueneza ugonjwa wa kijani wa michungwa, ugonjwa usio na tiba. Katika muongo wa 2010 kidudu hicho kilithibitishwa kuwapo Tanzania na Kenya. Kwa hiyo muraya haufai kupandwa katika maeneo yenye michungwa, kama Muheza mkoani Tanga, au kwenye bustani yenye mlimau na mchungwa wa nyumbani.

Kupanda

Wakati bora wa kupanda ni mwanzo wa mvua. Masika hutoa muda mrefu zaidi wa mizizi kushika ardhi. Vuli hufaa pia ikiwa kuna maji ya kumwagilia mvua zikikatika. Shimo la sentimita arobaini hadi hamsini kwa upana na kina hivyohivyo linatosha kwa kichaka kifupi. Udongo wa juu huwekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine. Udongo wa juu huchanganywa na nusu debe la samadi iliyooza vizuri au mboji, kisha ndio unaorudishwa kuzunguka mizizi. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga.

Mche huondolewa kwenye kiriba kabla ya kupandwa. Mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba hunyooshwa kwa vidole au hukatwa kidogo, kwa sababu mizizi iliyokwisha kuwa kitanzi huendelea kuzunguka hata ikiwa ardhini, na mmea hudumaa baada ya mwaka mmoja au miwili. Mche hupandwa katika kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni. Shina likifukiwa, huoza.

Kwa uzio mfupi miche hupishana sentimita sitini hadi tisini. Kwa kichaka kinachosimama peke yake huachwa nafasi ya mita moja na nusu. Watu wengi hupanda karibukaribu ili bustani ijae haraka, kisha hulazimika kukata mara kwa mara matawi yanaposongana, na kukata huko huondoa maua. Nafasi ya kutosha siku ya kupanda hupunguza kazi ya mkasi kwa miaka inayofuata.

Katika chungu, kipenyo kisipungue sentimita thelathini na tano, na tundu la chini liwe wazi. Udongo wa mfinyanzi peke yake hushikamana. Uchanganywe na mchanga na mboji. Plamu ya Natal fupi, okna na mbuni huishi vizuri chunguni kwa miaka mingi.

Mkasi na majira yake

Kupogoa ndiko kunakoamua kama kichaka kitazaa au hakitazaa, na kanuni yake inategemea swali moja: mmea huchanua kwenye tawi la umri gani?

Kundi la kwanza huchanua kwenye machipukizi mapya. Duranta, plamu ya Natal na haiperikumu zimo humo. Mimea hii hupogolewa baada ya vitunda kwisha, kabla ya mvua kuanza, ili machipukizi ya msimu huo yaje na maua. Baada ya hapo mkasi huwekwa chini. Kukata ncha za matawi katikati ya msimu ni kuondoa maua kabla hayajafunguka, na hicho ndicho hasa kinachoupata uzio wa duranta unaonyooshwa kila wiki mbili. Mwenye uzio anayetaka umbo nadhifu pamoja na vitunda anaweza kukata upande wa barabarani na juu, na kuuacha upande wa ndani wa bustani uchanue. Njia nyingine ni kupunguza kukata hadi mara mbili kwa mwaka na kukubali uzio wenye umbo la kulegea.

Kundi la pili huchanua kwenye matawi ya msimu uliopita. Humo zimo pirakanta na mbuni. Mimea hii ikikatwa yote kwa pamoja, mzao wa mwaka unaofuata hupotea. Hapa hupunguzwa kwa uchaguzi: tawi kuukuu lililokwisha kuzaa hukatwa hadi chini, na la mwaka jana ambalo halijazaa huachwa. Kwa mbuni, kila pingili ya tawi huzaa mara moja tu, ndiyo maana sehemu inayozaa husogea mwaka hadi mwaka kuelekea ncha, na mmea huhitaji matawi mapya ili usibaki na vijiti vitupu katikati. Okna hukua polepole na hutaka kukatwa kidogo sana, hasa kuondoa matawi makavu na yanayosuguana.

Mkasi uwe mkali na safi. Kipande hukatwa kwa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lisielekee ndani ya kichaka. Mkasi uliotumika kwenye mmea mgonjwa husafishwa kwa spiriti au maji yenye dawa ya kung'arishia nguo kabla ya kugusa mwingine.

Maji na mbolea

Mwaka wa kwanza kichaka humwagiliwa mara mbili kwa wiki pasipo mvua. Kikishashika, maji mengi mara moja kwa wiki ni bora kuliko kunyunyiza kidogokidogo kila jioni, kwa sababu maji yanayofika chini huvuta mizizi nayo iende chini. Wakati usiosamehe kiu ni ule wa maua kugeuka vitunda. Ukame wa siku chache katika hatua hiyo huangusha vitunda vichanga, na havirudi mpaka msimu mwingine. Matandazo ya majani makavu au maganda ya mbao, unene wa sentimita tano hadi saba, yasiyogusa shina, hupunguza haja ya maji.

Kuhusu mbolea, kosa la kawaida ni wingi wa naitrojeni. Urea au samadi ya kuku ikitiwa kwa mkono mzito huleta majani mapana ya kijani na machipukizi laini, na maua huchelewa. Mboji mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa kila msimu wa mvua, inatosha kwa bustani nyingi. Penye udongo wa kichanga wa pwani huongezwa mbolea yenye potasiamu kidogo maua yanapoanza. Jivu la kuni lina potasiamu, lakini pia hupunguza asidi ya udongo, hivyo halifai kwa mbuni, unaopenda udongo wenye asidi kiasi.

Wadudu na magonjwa

Wadudu wanaoonekana zaidi ni vidukari, vidugamba na inzi weupe. Wote hufyonza utomvu na kuacha majimaji matamu kwenye majani, ambayo huotesha ukungu mweusi kama masizi. Kuuosha ukungu huo bila kuwaondoa wadudu hakusaidii. Maji yenye sabuni ya kawaida, au mchanganyiko wa mafuta ya mwarobaini, hupuliziwa chini ya majani jioni wakati nyuki wamerudi mzingani. Sisimizi wanaopanda na kushuka shinani mara nyingi ni dalili kwamba kuna vidugamba juu.

Haiperikumu husumbuliwa na kutu ya majani, inayoonekana kama vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini wa jani. Kinga yake ni nafasi kati ya miche, hewa inayopita, na kumwagilia udongo badala ya majani. Mbuni katika sehemu zenye unyevu hupatwa na chulebuni, unaovifanya vitunda vya kijani kuwa na madoa meusi na kukauka mtini. Vitunda hivyo huokotwa na kuchomwa au kufukiwa mbali na bustani.

Kupata miche

Duranta ni rahisi kuliko zote: kipandikizi cha sentimita kumi na tano kutoka tawi lililoanza kukomaa, kikiondolewa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, hutoa mizizi ndani ya wiki chache. Haiperikumu hufuata njia hiyohiyo.

Plamu ya Natal ni mkaidi kidogo. Tawi changa hukatwa nusu ya unene wake sentimita chache kutoka ncha, likainamishwa na kuachwa likining'inia mtini kwa takriban miezi miwili, mpaka kidonda kifanye uvimbe. Kisha hukatwa kabisa na kupandwa kwenye mchanga, ambako hutoa mizizi kwa muda wa mwezi hivi. Mbegu zake huota ndani ya wiki mbili, ingawa miche hukua taratibu na huchukua miaka miwili kabla ya kuzaa.

Okna huoteshwa kwa mbegu, na mbegu zake hazikai. Zichukuliwe zikiwa nyeusi na kupandwa siku hizohizo. Mbuni nao hutaka mbegu mbichi: kitunda chekundu humenywa, mbegu huoshwa utelezi, hukaushwa kivulini na kupandwa zikiwa bado na ngozi ya ndani.

Watoto, ndege na misitu

Rangi ya kitunda ni tangazo. Limekusudiwa ndege, lakini mtoto wa miaka miwili naye hulisoma. Vitunda vya duranta ni sumu na vimewahi kuua watoto na mbwa. Kichaka chake hakifai karibu na mahali pa kuchezea. Vitunda vya haiperikumu na okna navyo si chakula. Nyumba yenye watoto wadogo inaweza kupambwa kwa mbuni na plamu ya Natal isiyo na miiba, na watoto wakafundishwa mapema kwamba hakuna kinacholiwa kutoka bustanini bila kumwuliza mkubwa.

Ndege ndio faida kubwa ya vichaka hivi na pia hatari yake. Shore na pasa hula vitunda na kuzidondosha mbegu mbali. Kwa mmea wa asili ya mahali, kama mtandamboo au okna za pwani, huko ni kuendeleza mzunguko wa kale. Kwa mgeni, mambo huweza kuharibika. Lantana, iliyosambazwa duniani kama kichaka cha mapambo kutoka Amerika ya kitropiki, imekuwa mojawapo ya magugu mabaya ya malisho ya Afrika Mashariki, na majani yake huwadhuru ng'ombe. Klidemia, kichaka kingine cha Amerika chenye vitunda vya buluu iliyokoza, imeingia katika misitu ya Usambara Mashariki. Pirakanta na duranta zimehesabiwa kuwa wavamizi nchini Afrika Kusini, na okna ya Afrika Kusini imekuwa gugu mashariki mwa Australia.

Kwa bustani iliyo kando ya msitu, mto au hifadhi, mimea ya asili ya eneo hilo ndiyo chaguo salama. Mwenye duranta au pirakanta mahali kama hapo anaweza kufurahia maua na rangi ya kwanza ya vitunda, kisha akavikata vishada kabla havijalainika na kuvutia ndege, na kung'oa miche inayojiotea chini ya kichaka. Vishada hivyo vikiwekwa ndani ya chombo chenye maji, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki, hudumu mezani kwa siku nyingi.